Jytte Munkholm na Nusu Dakika Iliyopotea

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Jytte Munkholm wa idara ya viendeshi atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Nordkaj Data kwa miaka thelathini na sita. Alianza kazi hapa Aalborg mwaka 1989, wakati nusu ya wasomaji wa jarida hili la kampuni walikuwa hawajazaliwa na nusu nyingine tulikuwa bado tuna nywele. Alitakiwa kustaafu miaka miwili iliyopita. Akaahirisha. Akatakiwa kustaafu mwaka jana, akaahirisha tena. Safari hii ni kweli, na mumewe Egon ameniomba niliandike neno hilo kwa herufi nzito, lakini mhariri amekataa.

Mimi, Henning Bak, nimekaa meza ya kuangaliana naye muda mrefu kiasi kwamba akikohoa tu najua anawaza nini. Ndiyo maana mkuu wetu wa idara, Merete Lyngby, aliniangushia mimi kazi hii. "Andika ukurasa mmoja," aliniambia, "na tafadhali, usimwage siri." Kurasa zimezidi, Merete. Siri nazo zimemwagika, ila moja kati ya hizo umeiruhusu mwenyewe, kama watu watakavyoona.

Kwanza niwasaidie wenzetu wa mauzo na uhasibu, ambao kila mwaka kwenye karamu ya Krismasi hutuuliza sisi wa ghorofa ya tatu tunafanya nini hasa. Diski haiongei na kompyuta moja kwa moja. Katikati yao kuna kidhibiti, kijikadi chenye akili kidogo kinachoiamuru diski isome hapa, iandike pale. Ili mfumo wa kompyuta uelewane na hicho kidhibiti, inahitajika programu ya kupeleka maombi na kupokea majibu, na hiyo ndiyo tunaiita kiendeshi. Sisi tunaandika viendeshi, na muda mwingi zaidi tunatafuta makosa yaliyojificha ndani yake. Jytte akiulizwa harusini anafanya kazi gani, hujibu, "Kazi yangu ukiiona tu, ujue imeharibika." Basi aliyeuliza hugeukia sahani yake.

Jytte alitokea kwenye chumba cha kompyuta cha kiwanda cha meli, kilipofungwa na watu wakamwaga unga kwa mamia. Siku ya usaili, wakubwa wa wakati ule walimwekea mezani mashine iliyogoma kuwaka na rundo la vitabu vya maelekezo, wakategemea atafungua vitabu. Jytte hakugusa hata kimoja. Aliomba bisibisi, akaisimamisha juu ya diski, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. "Hii haijafa," akasema. "Imechoka. Inaomba ipewe muda, na kiendeshi chenu hakina subira." Akaajiriwa kabla kahawa haijapoa.

Jamani, diski za siku zile zilikuwa zinalia! Kuna iliyokwaruza, kuna iliyopiga miluzi, kuna moja ilikuwa inagongagonga kama mtu aliyesahau ufunguo. Chumba kizima cha mashine kilikuwa na joto na kelele, na wakati wa baridi tulikuwa tunakwenda kulia chakula chetu humo, mkate wa shayiri na samaki wa siki magotini, tukisikiliza. Jytte alikuwa anaweza kuacha kutafuna katikati ya tonge na kusema, "Namba nne ina mafua." Kesho yake namba nne iko chini. Tulimwita daktari wa kifua, naye hakuchukia.

Sasa diski hazina kitu kinachozunguka ndani. Chumba kiko kimya, ni taa tu zinakonyeza. Mara nyingi nimemkuta Jytte amesimama mle ndani ameinamisha kichwa upande, na najua anasikiliza kitu ambacho hakipo tena. Sijawahi kumtania kwa hilo, kwa sababu na mimi nakisikia. Nimezikumbuka zile kelele kuliko nilivyowahi kudhani nitazikumbuka.

Mafanikio yake ni mengi, na kama ningeyapanga yote hapa mngelala. Viendeshi vyake vimebeba tiketi za feri, vitabu vya maktaba, maziwa ya nusu ya rasi yetu ya Jutland. Lakini nikiulizwa mimi, kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ya mashine ya kahawa. Kila siku asubuhi, wakati ule ule, diski za majaribio zilikuwa zinatoa makosa. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha vidhibiti, tukaandika upya nusu ya kiendeshi. Jytte akaenda jikoni, akachomoa mashine ya kahawa ukutani. Makosa yakaisha. Kumbe mtambo ule ukianza kuchemsha ulikuwa unanyonya umeme wa chumba cha mashine. Akasema kahawa isichemshwe mpaka fundi wa umeme aje, na fundi wa umeme alikuwa likizoni. Sijapata kuona watu wazima, wenye shahada zao, wamenuna vile. Mtu mmoja wa mauzo alipiga simu chama cha wafanyakazi. Jytte alileta chupa yake ya chai kutoka nyumbani, akanywa mbele yetu bila haya.

Tena ndiye mlinzi wa mila yetu ya keki ya kosa. Wageni wetu hushangaa, lakini hapa sheria ni nyepesi: ukiharibu kitu, kiendeshi kikagoma kwa sababu yako, unaoka keki, unaileta, unasimama mbele ya wenzako unasema ulikosea nini, halafu mnakula. Hakuna anayegomba, maana mdomo umejaa. Keki lazima uoke mwenyewe. Mwaka mmoja Merete alinunua ya dukani, akaihamishia kwenye sahani ya mama yake, akainyunyizia sukari juu. Jytte alionja kidogo, akaweka uma chini.

"Merete."

"Ndiyo?"

"Hii keki umeioka saa ngapi?"

Merete alikuwa tayari ni mkuu wa idara wakati huo. Alirudi nyumbani akaoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lililomfanya mwenzetu aahirishe kustaafu mara mbili.

Miaka kumi na moja iliyopita, hospitali moja ya huku kaskazini ilinunua kwetu mashine za kuhifadhia picha za eksirei. Ndani yake tuliweka kidhibiti kipya kutoka Ujerumani, chepesi wa kujibu kuliko vyote tulivyowahi kuvitumia. Kiendeshi kilikuwa kile kile cha Jytte, kilichokuwa kimefanya kazi na vidhibiti vingine miaka na miaka bila kulalamikiwa. Miezi michache haikupita, simu ikaja. Daktari amefungua picha ya mgonjwa na mashine imeganda. Baada ya nusu dakika imeamka yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Ikaja tena baada ya miezi minne. Halafu tena. Mara mbili, mara tatu kwa mwaka, bila ratiba, na kila tulipojaribu kuifanya itokee hapa kwetu, ilikataa katakata.

Nusu dakika mtu anaweza kuiona ndogo. Jytte alikwenda hospitali, akaongea na muuguzi aliyekuwepo mara ya pili. Muuguzi yule alimwambia, "Wewe simama hapa, mtoto yuko kitandani, daktari anangoja picha, halafu uniambie kama ni ndogo." Jytte alirudi kazini na uso mwingine. Hakuna aliyekufa, na kila mara daktari alipata picha yake mwishowe. Lakini siku ile alisema mbele yetu wote kwamba haondoki Nordkaj mpaka nusu dakika hiyo ipatikane. Sisi tukaitikia kwa vichwa, tukidhani ni ya wiki mbili.

Kwa vile kosa lilikuja pamoja na kidhibiti kipya, mshukiwa alikuwa wazi. Kampuni yetu iliandika barua kwa waliokitengeneza, barua mbili, sahihi ya Jytte chini, kusema kidhibiti chenu kinasahau kujibu. Aliyekibuni ni mhandisi aitwaye Detlef Wöhrmann, wa Paderborn, naye hakungoja kuandika. Alipiga simu. Kuanzia hapo, kwa miaka kumi na moja, watu hawa wawili waligombana kwenye simu, kila mwezi au zaidi, mimi nikisikia upande mmoja kwa sikio na upande wa pili pia, kwa sababu Bwana Wöhrmann ana sauti ya kupita ukuta.

"Bwana Wöhrmann, kidhibiti chako kimelala tena."

"Bi Munkholm, kidhibiti changu hakilali. Kilijibu. Wewe hukusikia."

"Masikio yangu ni mazima, asante."

"Basi keki yangu iko wapi?"

"Uoke wewe! Kosa ni lako."

Alikuwa amemsimulia mila yetu, na mzee wa watu akaishikilia. Kila simu ilianzia kwenye kidhibiti na kuishia kwenye keki. Katikati walikuwa wanabishana mambo ambayo hata mimi niliyeko kwenye kazi hii nilikuwa nayafuata kwa shida: jibu linatoka lini, linapita wapi, linakaa wapi likingoja kuchukuliwa. Bwana Wöhrmann alipostaafu, Jytte aliendelea kumpigia nyumbani. Sikuona ajabu. Kuna watu wanapigia dada zao.

Wakati huohuo Egon alikuwa anangoja. Egon ni seremala mstaafu na mtu wa maneno mengi, na alikwishanunua kambi, gari lile la kulalia njiani, kwa ajili ya safari ambayo wameipanga tangu watoto wao wako shule: kushuka Ulaya taratibu, bila tarehe ya kurudi. Mwaka wa kwanza kambi ilikaa uani ikiwa imepigwa sabuni. Mwaka wa pili ilianza kuota ukungu wa kijani upande wa kaskazini. Egon alipita hapa ofisini siku moja, akaniuliza kwa sauti ambayo ilikusudiwa isikike meza ya pili: "Hivi Henning, huyo Mjerumani ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana kidhibiti," Jytte akajibu bila kuinua macho.

Tulicheka. Lakini Egon anakaribia miaka sabini na tano na goti lake limefanyiwa upasuaji, na Jytte alijua hivyo. Mwaka huu mpya ulipoanza, Merete alimwita, akamwambia kwa upole kwamba hospitali inafikiria kuzitoa mashine zetu zote, na kwamba labda ni heri aende zake akapumzike, hili tutalimaliza wenyewe. Jytte alitoka kule ofisini amefura. Akaniambia atafanya jambo moja la mwisho, atamkomesha Bwana Wöhrmann moja kwa moja.

Alichofanya ni hiki. Aliandika programu inayojifanya kidhibiti. Hakuna kadi, hakuna waya, hakuna diski. Ni kidhibiti cha maneno matupu, kinachofuata kitabu cha maelekezo herufi kwa herufi na ambacho hakiwezi kusahau. Tulikiita kidhibiti cha karatasi. Nia yake ilikuwa kukiunganisha na kiendeshi chetu, kukiacha kifanye kazi bila kukoma, kwa kasi zote, halafu aonyeshe kwamba kikipewa kidhibiti kisichokosea, kiendeshi hakigandi kamwe. Huo ndio ungekuwa ushahidi. Alikiwasha Ijumaa, akaenda zake nyumbani kwa baiskeli huku akiimba.

Jumatatu nilimkuta mezani, kofia ya baiskeli bado iko kichwani.

"Henning, njoo uone."

"Nini tena?"

"Kimeganda."

"Kipi?"

"Cha karatasi."

Nilicheka. Halafu nikaelewa, kicheko kikakatika.

"Labda umekosea kukiandika," nikamwambia.

"Nimekihakiki tangu saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi ni sisi."

"Si sisi," Jytte akasema. "Ni mimi."

Mistari ya kiendeshi yenye kosa aliiandika mwenyewe, mwaka 2003. Nitaeleza kama alivyomweleza Egon. Kiendeshi kikishatuma ombi, kinaangalia mlangoni kama jibu limefika. Kama halijafika, kinawasha kengele na kulala, ili jibu likifika kengele ikiamshe. Sasa, jibu likifika katika ile nafasi nyembamba, baada ya kuangalia mlangoni na kabla ya kuwasha kengele, limefika kengele ikiwa imezimwa. Linasimama nje. Kiendeshi kimelala ndani. Wanangojana mpaka saa ya dharura ilie, baada ya nusu dakika. Vidhibiti vya zamani vilikuwa vizito mno kuweza kuiwahi nafasi hiyo. Cha Bwana Wöhrmann kilikuwa chepesi, basi mara mbili tatu kwa mwaka kikaiwahi. Kosa lake lilikuwa kujibu haraka, yaani halikuwa kosa.

Dawa yenyewe ni kubadilishana nafasi kwa mistari miwili: washa kengele kwanza, ndipo uangalie mlangoni. Jytte aliibadilisha, tukaijaribu wiki nyingi kwa kidhibiti cha karatasi na cha kweli, tukaipeleka hospitali. Tangu Machi hawajatupigia, isipokuwa mara moja, kuuliza kama simu yetu ni nzima.

Mimi nilidhani imekwisha. Merete naye alidhani imekwisha, na alikuja mezani kwetu amefurahi kweli.

"Tutaandika tu kwamba tumekiboresha kiendeshi," akasema. "Hakuna haja ya kumtaja mtu."

"Kuna mtu nimemtaja miaka kumi na moja," Jytte akamjibu.

Keki ya kosa aliioka wiki ile ile, akasimama mbele yetu, akasema kosa lake wazi. Tukala. Kawaida mambo huishia hapo. Yeye hakuridhika, maana aliyestahili kula hakuwepo. Basi mwezi Mei Egon akausugua ule ukungu wa kijani ubavuni mwa kambi, Jytte akaoka keki ya pili, ya matunda madogo mekundu ya bustanini kwao yenye uchachu wa kukunja uso, akaipakata magotini, wakaelekea kusini. Yaliyotokea huko nimeambiwa na Egon. Jytte mwenyewe hakuweza kuyasimulia.

Hawa watu walikuwa hawajawahi kuonana. Mlango ulifunguliwa na mzee mfupi, mfupi mno kwa sauti ile, amevaa viatu vya bustani. Jytte alikuwa amejiandalia hotuba kuanzia mpakani, kwa Kijerumani chake cha shule. Hotuba ikayeyuka.

"Bwana Wöhrmann," akasema, "ulijibu. Mimi sikusikia."

Mzee alisimama ameshika kitasa. Akaitazama keki, akamtazama Jytte, akasema, "Ingieni, Bi Munkholm, msije mkapigwa na upepo."

Aliomba aelezwe yote. Jytte akamchorea mlango na kengele nyuma ya bahasha. Bwana Wöhrmann akafuata kwa kidole, polepole.

"Mistari mingapi?"

"Miwili."

"Miwili tu," akasema mzee. Akakata kipande cha keki, akala chote kabla ya kusema neno jingine. Halafu akawaeleza jambo ambalo sisi huku hatukulijua. Baada ya barua zetu mbili, wakubwa wake walimwondoa kwenye vidhibiti. Kile alichokibuni alinyang'anywa, wakampa dawati la kuandika maelekezo ya namna ya kufungua maboksi ya bidhaa: kata hapa, usitumie kisu kirefu, toa sponji kwanza. Alifanya hiyo mpaka akastaafu. Mpaka siku hiyo, kila simu aliyopokea kutoka Aalborg, isipokuwa zile za mwanzo, aliipokelea kwenye dawati la maboksi.

Egon anasema Jytte aliweka uma chini.

"Na hukuniambia! Miaka yote ile nakupigia nakugombeza, hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungeona haya, ungeacha kupiga," Bwana Wöhrmann akasema. "Na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiniuliza habari za kidhibiti changu."

Hapo Egon alitoka nje kwenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Aliporudi aliwakuta hao wawili wameinamia ile bahasha, wanabishana kama kengele ingefaa kuwashwa hata mapema zaidi, macho ya wote mekundu.

Aliporudi kazini, Jytte alikwenda moja kwa moja kwa Merete. Alisema hataki hotuba, hataki saa ya ukutani, wala hataki kuitwa hodari kwenye jarida hili. Alitaka kitu kimoja kichapishwe, kwa jina la kampuni, na nakala ipelekwe Paderborn, kwa wale wakubwa waliopokea barua zetu. Merete alifikiria wanasheria, nilimwona akiwafikiria. Kisha akachukua kalamu. Ninayaweka hapa maneno yenyewe, bila kuongeza chumvi:

Hitilafu ya kuganda kwa nusu dakika, ambayo Nordkaj Data iliilalamikia kwa maandishi mara mbili, ilisababishwa na kiendeshi chetu. Kidhibiti kilichobuniwa na Bwana Detlef Wöhrmann hakikuwa na kosa lolote tangu siku ya kwanza. Barua zetu hazikuwa za kweli, na tunazifuta.

Uhodari wako basi sitautaja, Jytte, kwa kuwa umekataza. Nitakushukuru tu. Asante kwa sikio lako, kwa chai uliyotunywea mbele ya macho, kwa makosa yetu yote uliyoyapata na hili moja ulilolisema kwa mdomo wako. Ghorofa ya tatu itakuwa kimya zaidi ya ilivyo sasa, na mimi sijui nitamtazama nani nikiinua kichwa. Nenda na Egon wako taratibu, goti lisiumie, barabara ziwe nyororo, na siku zilizo mbele yenu ziwe nyingi na tamu.

Na wewe Bwana Wöhrmann, ukurasa huu ukikufikia: sisi sote wa Nordkaj tunakuomba radhi.